Nyota ya pamba au kipira cha uzi wa sweta: pambo gani ufume kwa Krismasi ya Mtwara?

Anayetaka kufuma pambo la Krismasi kwa mkono wake huwa na njia mbili kubwa mbele yake. Ya kwanza ni nyota bapa ya uzi mwembamba wa pamba, ambayo ikishafumwa hutiwa kanji au gundi ikakauka na kuwa ngumu. Ya pili ni kipira cha uzi wa sweta, kilichojazwa ndani kikawa cha mviringo. Vyote viwili hufumwa kwa kroshia, yaani kijiti chenye ndoano nchani, na vyote viwili hupendeza kwenye picha. Tofauti huonekana pambo likishaning'inia, na kwetu kusini tofauti hizo huonekana haraka, maana Desemba ya Mtwara na Lindi ni mwezi wa joto, jasho na mvua zinazoanza.

Hapo ndipo maelekezo mengi yanayozunguka kwenye simu yanapotupotosha. Yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako Desemba nyumba hupashwa moto na hewa ya ndani huwa kavu. Huko nyota iliyochovywa kwenye maji ya sukari inaweza kukaa ngumu kwa muda mrefu. Itundike nyota hiyo hiyo sebuleni Shangani, hapa Mtwara, hatua chache kutoka baharini, uone: italegea ncha zote, na sisimizi watapanga foleni ukutani. Kwa hiyo nitalinganisha mapambo haya kwa hali ya hewa yetu na kwa vitu vinavyopatikana huku kwetu.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa nyumba nyingi za Mtwara na Lindi nachagua nyota, kwa sharti kwamba imekaushwa vizuri. Kipira nakipa nafasi yake kwenye nyumba yenye watoto wadogo, na kwa mtu ambaye ndiyo kwanza anashika kroshia.

Uzi

Nyota inataka uzi wa kroshia, ule mwembamba uliosokotwa kwa kubana, wa pamba tupu. Namba 10 inafaa. Kumbuka kwamba kwenye nyuzi hizi namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba zaidi, kwa hiyo namba 20 ni nyembamba kuliko 10. Mama aliyezoea kufuma vitambaa vya makochi huenda anao tayari kabatini, na masalio ya kitambaa kimoja hutoa nyota kadhaa.

Kipira kinataka uzi wa sweta, ambao madukani kwa kawaida ni akriliki. Akriliki ni nyuzi za viwandani zinazotokana na mafuta ya petroli. Haunywi maji sana, hukauka upesi, na rangi yake hustahimili jua kuliko rangi za pamba. Ukitaka pambo jekundu la kukaa dirishani linakopigwa na jua la mchana kutwa, akriliki itabaki nyekundu pamba ikiwa imeshapauka. Hili ni jambo zito kwa upande wa kipira, wala silidharau.

Tatizo ni kwamba sokoni uzi mara nyingi umeshatolewa lebo. Ukimuuliza muuzaji, "Kaka, huu ni pamba kweli?" atakujibu, "Pamba tupu, dada yangu." Usibishane naye. Nunua kidogo, kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa koleo au kibanio na ukiwashe juu ya sahani. Pamba huungua kwa mwali, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha jivu laini linalosagika. Akriliki huyeyuka na kujikunja, harufu yake ni kali, na mwisho hubaki kidonge cheusi kigumu. Jaribio hilo lina umuhimu kwa sababu kanji inashika kwenye pamba tu. Nyota ya akriliki unaweza kuichovya kwenye kanji uwezavyo, itakauka na kubaki teketeke.

Kroshia na mikono

Kwa uzi namba 10 unahitaji kroshia nyembamba ya chuma, kati ya milimita 1.25 na 1.75. Kwa uzi wa sweta wa unene wa kati, milimita 3.5 au 4. Hapa watu wa kwetu tuna bahati kwa upande wa kipira. Mchonga vinyago anayejua kazi yake anaweza kukuchongea kroshia ya milimita 4 kwa kipande cha mpingo kilichobaki. Mpingo ni mti mzito unaozama majini, ukipigwa msasa vizuri unateleza kwenye uzi, wala haupati kutu hata ukikaa karibu na bahari. Kroshia nyembamba ya nyota huwezi kuitoa kwenye mti wowote; kwa unene wa milimita moja na nusu ingekatika mshono wa kwanza tu ukikaza. Ya chuma hiyo ifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kazi, la sivyo itakuchafulia uzi mweupe kwa kutu.

Macho nayo yahesabiwe. Uzi mwembamba mweupe unasomeka vizuri mchana barazani, lakini usiku kwenye taa hafifu unachosha. Anayefuma jioni tu, baada ya shughuli za nyumbani, atafurahia zaidi kipira.

Kazi yenyewe: ipi ndefu?

Wengi hudhani nyota ndiyo kazi kubwa kwa sababu inaonekana ya kifundi. Tuhesabu mishono.

Mnyororo ni kitanzi kimoja kinachovutwa ndani ya kingine. Mshono mfupi ni ule wa kuingiza kroshia, kuvuta uzi, kisha kutoa vitanzi viwili kwa mara moja. Mshono mrefu unaanza kwa kuzungusha uzi kwenye kroshia kabla ya kuingiza, halafu vitanzi vinatolewa viwili viwili.

Nyota rahisi ya ncha 6 inakwenda hivi. Minyororo 6, iunganishe iwe duara. Mzunguko wa kwanza: minyororo 3 ihesabike kama mshono mrefu mmoja, ongeza mshono mrefu mmoja, minyororo 2, kisha mishono mirefu 2 na minyororo 2, fanya hivyo mara 5, unganisha. Una jozi 6 na nafasi 6. Mzunguko wa pili: ingia kwenye nafasi ya kwanza, na ndani ya kila nafasi weka mfupi 1, mirefu 2, minyororo 3, mirefu 2, mfupi 1. Ile minyororo 3 ndiyo ncha. Unganisha, kata, ficha uzi. Kwa uzi namba 10 utapata nyota ya karibu sentimita 4. Ukitaka kubwa zaidi, ongeza mzunguko mmoja kabla ya ule wa ncha.

Kipira cha karibu sentimita 6 kinaanza na mishono mifupi 6 kwenye duara, kisha kila mzunguko unaongeza 6: 12, 18, 24, 30, 36. Unakwenda na 36 bila kuongeza kwa mizunguko 6, halafu unarudi chini: 30, 24, 18, 12, 6. Unajaza ukifika kwenye 18, kabla tundu halijawa dogo.

Ukijumlisha, nyota ina mishono 48, minyororo ukiiweka kando, na kipira kina 432. Tena kwenye kipira usipoweka alama mwanzo wa mzunguko, pini au kauzi ka rangi nyingine, hesabu hupotea na kipira kinageuka yai. Hata hivyo mishono yake ni ya aina moja mwanzo hadi mwisho, na mkono ukishazoea unaweza kufuma huku unazungumza na wageni. Nyota ni fupi, lakini kila mshono unataka uangalie. Binti wa miaka kumi anayejifunza nitampa kipira kwanza, ajue kuongeza na kupunguza, ndipo nimpe uzi mwembamba.

Kukausha nyota, ambako ndiko mambo yote yaliko

Nyota iliyotoka kwenye kroshia ni kitambaa tu. Inakunjamana. Kinachoifanya pambo ni ule ugumu, na ugumu una njia tatu.

Sukari nimeshaisema, kwetu iachwe kabisa.

Kanji ni ya pili, na sisi tunayo shambani. Menya muhogo mbichi, ukune, changanya na maji, chuja kwa kitambaa safi, acha maji yatulie saa kadhaa. Mwaga maji ya juu taratibu. Weupe uliojikusanya chini ndio kanji. Kama muhogo ni mchungu, maji hayo uyamwage mbali na watoto na kuku, yana sumu. Chukua kijiko kikubwa kimoja cha kanji, koroga na kikombe cha maji baridi, kisha weka motoni ukiendelea kukoroga mpaka iwe nzito na iache kuwa nyeupe ya maziwa. Ikipoa kidogo, chovya nyota, ikamue kwa kuibonyeza bila kuinyonga, na uitandaze.

Uzuri wa kanji ni kwamba inaacha pamba ikiwa pamba. Nyota inang'aa kidogo, na ikichafuka unaifua kwa maji ya uvuguvugu, kanji inatoka yote na unaanza upya. Ubaya wake ni unyevu. Mvua ikishika, nyota ya kanji hulegea, na ikiwekwa mahali pasipopita hewa hushika ukungu. Mende nao huipenda, maana ni chakula. Kwa Masasi, Ndanda au Newala, mbali na bahari na juu kidogo, kanji nzito hukaa vizuri msimu wote wa sikukuu. Kwa Mtwara mjini, Mikindani, Lindi mjini na Kilwa, nisingeitegemea.

Njia ya tatu ni gundi nyeupe ya mbao, ile inayouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Sehemu mbili za gundi kwa moja ya maji. Hakikisha ni ile inayokauka na kuwa angavu, kwa sababu ya njano huacha doa. Nyota ya gundi ni ngumu zaidi, haina cha kumvutia mende, na unyevu wa hewa hauilegezi kirahisi. Isipokuwa kufua haiwezekani kama kwenye kanji. Vumbi utalifuta kwa brashi laini. Na ukiweka gundi nyingi, matundu ya mfumo huziba na nyota inaonekana kama plastiki. Bonyeza ya ziada kwa kitambaa, puliza kila tundu.

Kwa pwani, basi, gundi. Kwa bara, kanji, na hasa kwa mtu anayependa kuifua na kuikausha upya kila mwaka.

Kuitandaza kuna ujanja wake. Chukua kipande cha sponji ya godoro au boksi nene, kifunike kwa nailoni ya kufunikia madaftari, kisha vuta kila ncha na uishikize. Pini za kawaida hupata kutu upesi kwenye hewa ya chumvi na huacha nukta za kahawia zisizotoka. Tumia vijiti vya kuchokolea meno au miiba ya mlimao. Anza na ncha zinazotazamana, juu na chini, halafu zilizobaki, ili nyota isivutike upande. Iache kivulini penye upepo mpaka ikauke kabisa, ukiigusa isiwe na ubaridi.

Kazi hii inafaa ifanyike Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kwenda hadi Aprili au Mei. Ukiisubiri wiki ya Krismasi, utakuwa unakausha nyota kwenye mvua.

Kujaza kipira

Hapa kipira hakina shida. Sufi ya msufi ndiyo bora: nyepesi, inatanuka, na hainywi maji. Misufi ipo vijijini, na sufi unaitoa kwenye vibuyu vyake vilivyopasuka. Vumbi lake lina kero puani, kwa hiyo jaza ukiwa nje na funga kitambaa usoni. Mabaki ya nyuzi na vitenge vilivyokatwakatwa hujaza pia, lakini huongeza uzito. Pamba ya dukani ni nzuri ila inakunywa unyevu.

Usijaze korosho ghafi ati ziko nyingi wakati huo. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi na kutia doa, na ganda likipasuka yanaweza kuvuja hadi nje ya uzi. Kwa pambo litakaloshikwa na mtoto, hilo ni hatari.

Uzito na mti wenyewe

Jambo hili mara nyingi halifikiriwi mpaka siku ya kupamba. Pwani, nyumba nyingine hukata tawi la mvinje na kulisimamisha kwenye ndoo ya mchanga. Mvinje ni mzuri na unapatikana, lakini vijiti vyake ni vyembamba na vinainama. Nyota ya pamba haina uzito wa kutajwa. Unaweza kutundika thelathini na tawi likabaki limesimama. Vipira kumi vya sweta vitalivuta tawi lote chini, na ukivisogeza karibu na shina ndiko visikoonekana. Kwa mti wa plastiki wenye waya ndani, kipira kinakaa sawa na kinajaza nafasi kuliko nyota, ambayo humezwa na majani ya plastiki mazito.

Kwa hiyo kabla hujanunua uzi, jua mti wako. Kama ni mvinje, nyota. Kama ni plastiki, vipira vikubwa, au nyota za sentimita 8 na kuendelea. Kama huna mti na unapamba dirisha au mlango, nyota tena: zikifungwa kwenye uzi mmoja mrefu na upepo wa bahari ukipita, hucheza vizuri sana.

Moto na watoto

Umeme ukikatika mshumaa huwashwa, na mapambo yako pale pale. Akriliki ikishika moto huyeyuka na kudondoka matone yanayonata kwenye ngozi. Pamba nayo huwaka, haraka tu. Hakuna aliye salama kati ya hivi viwili, ila matone ya akriliki yananitisha zaidi, hivyo vipira viwe mbali kabisa na mishumaa. Taa ndogo za LED hazina joto la kutisha kwa chochote kati yake.

Kwa mtoto anayetambaa, kipira kinashinda bila ubishi. Kinaangushwa, kinang'atwa, kinafuliwa kwa sabuni na kurudi kwenye mti. Nyota ya gundi ina ncha ngumu na si kitu cha mdomoni. Kitu kimoja tu kwenye kipira: usikipige pasi. Akriliki ikipata joto la pasi hulegea moja kwa moja.

Kama unataka kuuza

Korosho huanza kwenda mnadani Oktoba, na malipo yakitoka ndipo mikononi mwa watu huku kusini panapokuwa na fedha. Wateja wa mapambo ya Krismasi utawapata zaidi upande wa Masasi, Ndanda, Nachingwea na Newala, ambako makanisa ni ya zamani; misheni ya Wabenediktini ya Ndanda ipo tangu mwaka 1906. Nyota huuzwa kwa seti, kwa mfano 6 kwenye bahasha, na kwa basi zinasafiri bila kuchukua nafasi. Vipira vinajaza begi kwa idadi ndogo, lakini kimoja kimoja kinavutia macho mezani, na mteja hulipa zaidi kwa kimoja kwa sababu anakiona ni kikubwa. Mimi ningepeleka nyota nyingi na vipira vichache vya kuita watu.

Nyota nyeupe ina soko jingine ambalo kipira chekundu na kijani hakina. Mtwara mjini, Mikindani na Lindi majirani wengi ni Waislamu, na nyota ile ile, ukifuma na mwezi mwandamo pembeni, inapamba mlango siku ya Idd. Uzi ni huo huo, gundi ni hiyo hiyo, na kazi yako haimalizikii Desemba.

Za kubaki mwaka hadi mwaka zihifadhi kwenye kopo la biskuti lenye kifuniko, nyota zikitenganishwa kwa karatasi, na majani makavu ya mwarobaini yakiwekwa chini kuzuia wadudu. Vipira vianike juani asubuhi moja kabla ya kuvifungia.

Na kama umechelewa, Krismasi ni wiki ijayo na mvua haikatiki, usiache nyota. Fuma za pamba, zitie kanji nzito badala ya gundi, kisha ukiwa bado na unyevu zitandaze kwenye meza, funika kwa kitambaa cheupe na upige pasi ya moto, ya mkaa au ya umeme, ukibonyeza bila kusukuma ili ncha zisipinde. Geuza, rudia upande wa pili hadi mvuke uishe. Gundi usiijaribu kwa njia hii, itashika kwenye kitambaa. Nyota hizo zitundike tarehe 24 mchana badala ya mapema, na zitakuwa bado zimesimama watu wakitoka ibada ya usiku.